Rigi, Pilatus au Brienz Rothorn: upande treni gani ya meno ukiwa Uswisi

Ndugu wakija kutembea Uswisi, au rafiki anayeishi Ujerumani akiamua kuvuka mpaka wikiendi, swali ni lile lile: tuna siku moja tu ya mlima, tupande upi? Na kwa kuwa wengi wanafikia Zürich au Luzern, majina yanayotajwa ni mawili, Rigi na Pilatus, milima miwili inayotazamana kwenye ziwa moja la Luzern, na yote ina treni inayoanzia ufukweni na kukufikisha karibu kabisa na kilele. Alafu kuna wa tatu ambao watu wanausahau, Brienz Rothorn, uko mbele kidogo kwenye ziwa lingine, na mi huwa nautaja kila mara kwasababu una kitu ambacho hao wawili walishaacha.

Jibu langu kwa mwenye haraka: una watoto, wazee au bajeti imebana, nenda Rigi. Unachotaka ni treni yenyewe, ile ya kukufanya ushike kiti, nenda Pilatus. Unataka kusikia mvuke na kunusa makaa ya mawe na siku yote ni yako, nenda Rothorn.

Ila tafadhali usichague kwa urefu. Watu wanaangalia tarakimu, wanaona Rigi ni mita 1,798, Pilatus mita 2,128 kwenye ncha yake ya juu kabisa, Rothorn mita 2,350, wanasema basi mrefu ndo mzuri. Sio hivo. Kwanza kwa mtu wa kwetu hizo namba hazitishi, Rigi iko usawa wa Nairobi, Pilatus inakaribiana na Eldoret na Rothorn iko chini kidogo tu ya Iten, kwahiyo hofu ya kukosa pumzi iweke pembeni kabisa. Kinachokuja kukutesa kule ni baridi na upepo, hata mwezi wa saba, kwahiyo sweta na jaketi ni lazima hata kama Luzern mjini watu wanaogelea. Pili, mlima mfupi unaweza kukupa mtazamo mpana kuliko mrefu, inategemea umesimama wapi kati ya wenzake, na Rigi ndo mfano mzuri wa hilo, nitarudi hapo.

Hayo meno yanafanya nini

Nianze na mashine maana bila kuielewa tofauti ya hizi treni tatu huioni, utadhani ni rangi tu. Treni ya kawaida ni chuma juu ya chuma, na chuma juu ya chuma kinateleza. Kwenye tambarare huo utelezi ni faida, mzigo mkubwa unavutwa kwa nguvu kidogo, lakini njia ikiinuka sana magurudumu yanazunguka palepale. Dawa yake ni kuweka reli ya tatu katikati yenye meno, na chini ya treni gurudumu la meno linalouma meno hayo moja baada ya jingine, kupanda na kushuka. Kushuka ndo muhimu zaidi kwa kweli, maana hilo gurudumu ndo breki.

Wamarekani walitangulia, mwaka 1869 kwenye mlima Washington kule New Hampshire. Ulaya wa kwanza ni Rigi, tarehe 21 Mei 1871, kazi ya injinia Niklaus Riggenbach, na siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, alikuwa anatimiza miaka 54. Reli yake ya katikati ni ngazi ya chuma iliyolazwa chini, vyuma viwili pembeni na vipago katikati, gurudumu linapanda kipago kwa kipago. Ni kitu rahisi na kigumu kuharibika na hadi leo Rigi inatumia mfumo huo. Roman Abt, aliyefanya kazi na Riggenbach, akaja na wazo lingine, mabamba mawili ya meno yaliyosimama sambamba ila yamepishana, jino la huku linatazamana na pengo la kule, kwahiyo hakuna sekunde ambayo gurudumu halina jino la kushika. Huo ndo mfumo wa Rothorn.

Pilatus ni habari nyingine. Kule mwinuko unafika asilimia 48, yaani kwa kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 48, na injinia Eduard Locher aliona kwamba kwenye mwinuko wa namna hiyo gurudumu lililosimama linaweza kupanda juu ya meno likatoka kabisa. Kwahiyo akageuza kila kitu, meno yakaelekea pembeni, kulia na kushoto, na magurudumu mawili yaliyolala yanaibana reli ya katikati kutoka pande zote mbili, na chini yake kuna ukingo unaozuia treni isinyanyuke hata upepo ukivuma vipi. Ilifunguliwa 1889 na mpaka leo hakuna reli ya meno duniani yenye mwinuko mkali kuliko ile. Zaidi ya miaka 130 imepita, hajatokea wa kumpita.

Kuna jambo moja dogo ambalo mi nalipenda kuliko yote, nalo ni boila. Treni zote tatu zilianza kwa mvuke, na ndani ya boila kuna mabomba yanayopitisha moto, lazima maji yayafunike muda wote, yakibaki makavu chuma kinaungua na boila linaweza kupasuka. Sasa ukiinamisha boila mlimani maji yanakimbilia upande mmoja. Walifanyaje? Rigi walilisimamisha boila wima kama chupa, ikiinama kidogo huku au kule maji bado yanafunika. Kichwa kimoja cha namna hiyo, namba 7 cha mwaka 1873, kipo hadi leo, na mwaka 2021 kilirudishwa njiani kusherehekea miaka 150. Pilatus walililaza boila kwa kukingama, likiangalia kushoto na kulia badala ya mbele na nyuma, kwahiyo mwinuko ukizidi vipi maji yanabaki sawa. Rothorn wakalijenga boila likiwa limeinama tayari, ndo maana ukikiona kile kichwa kimesimama stesheni ya Brienz kwenye tambarare kinaonekana kimeinamisha pua, unaweza kudhani kina hitilafu, ila kikianza kupanda tu boila linakaa sawa. Tatizo moja, majibu matatu, na la Rothorn bado linafanya kazi mbele ya macho yako.

Rigi

Ukitokea Luzern panda meli hadi Vitznau, karibu saa moja, na kama bahati ni yako itakuwa mojawapo ya meli tano za zamani za mvuke zenye magurudumu ya pembeni. Unashuka gatini na treni nyekundu iko palepale, hatua chache, na mbele ya stesheni kuna ile meza ya kugeuzia mabehewa karibu kabisa na maji. Hapa ndo utaelewa watu wa zamani walivyofikiria, mgeni ashuke melini aingie treni bila kupanda hata ngazi moja. Kutoka mita 435 za ufukweni hadi Rigi Kulm juu ni kama nusu saa, mwinuko ukifika asilimia 25.

Ukitokea Zürich usihangaike kwenda Luzern kwanza, shuka Arth-Goldau, treni ya bluu ya Rigi inaondokea kwenye jukwaa lililojengwa juu ya reli za kawaida, inachukua kama dakika 45 hadi kileleni. Njia hii ni ya 1875, ilijengwa na kampuni nyingine kabisa, na kwa miaka mingi zile kampuni mbili zilishindana kwenye mlima mmoja, reli mbili zikipanda sambamba kipande cha mwisho, mpaka zilipoungana 1992. Faida yake kwako ni kwamba tiketi ni moja, unapanda na nyekundu unashuka na bluu, au unashukia Rigi Kaltbad unachukua kebokaa hadi Weggis na kurudi na meli. Huo uhuru wa kubadili mawazo ukiwa juu hakuna mlima mwingine hapa unaokupa kiasi hicho.

Kwa wanaopenda vipimo, Rigi ni geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435, ile ile ya SGR yetu, wakati Pilatus na Rothorn ni milimita 800, nyembamba hata kuliko reli ya kati ya zamani yenye milimita 1,000. Ndo maana mabehewa ya Rigi ni mapana, kigari cha mtoto kinaingia vizuri, na mzee mwenye fimbo hapati shida.

Ukiwa Goldau unasubiri treni geuka uangalie mlima wa upande wa pili, Rossberg. Utaona sehemu iliyochunwa. Tarehe 2 Septemba 1806 ubavu wa ule mlima uliporomoka baada ya mvua nyingi, ukafukia Goldau, watu 457 wakafa. Stesheni uliyosimama iko juu ya huo mporomoko. Watu wengi wanapita pale wakiwa kwenye simu, mi naona inafaa kusimama kidogo.

Juu sasa. Rigi imesimama peke yake mbele ya milima mikubwa, imezungukwa na maziwa, la Luzern, la Zug na dogo la Lauerz, kwahiyo kusini unaona safu nzima ya Alps na theluji yake na kaskazini unaona nchi tambarare hadi misitu ya Ujerumani. Hiyo ndo sababu watu walikuwa wanapanda kuangalia jua likichomoza hata kabla ya treni, nyumba ya kwanza ya wageni kule Kulm ni ya 1816. Walipanda kwa miguu, kwa farasi, na wenye hela walibebwa kwenye viti na wapagazi. Treni ilipofika hiyo kazi ikaisha. Nakumbuka hili kwasababu mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliposema inafikiria kuweka kebokaa Kilimanjaro, wapagazi walipinga kwa kuhofia ajira, na hoja yao ilikuwa na uzito kamili, mlima wa mita 5,895 wenye maelfu ya watu wanaoishi kwa kubeba mizigo sio Rigi, anayetumia Uswisi kama mfano aseme pia kilichowapata wale wabeba viti.

Kwa matembezi Rigi inawashinda wote. Hakuna magari, njia ni pana. Kuna moja inayoanzia Rigi Kaltbad kwenda First na kuendelea Scheidegg, imenyooka na haina kupanda sana, na sababu ni kwamba zamani ilikuwa njia ya treni, reli ya Scheidegg iliyojengwa miaka ya 1870 na kufungwa 1931, vyuma viling'olewa ikabaki njia. Kwahiyo unatembea na bibi au mtoto mdogo juu mlimani, ziwa liko chini yako, na hakuna anayehema. Na kwa sisi kuna hili la maana sana: sehemu za kuchomea nyama zipo, unakuja na nyama yako uliyonunua kwa mchinjaji unayemwamini, chumvi na ndimu, moto unawasha mwenyewe. Kama hamli nyama isiyo halali, hili pekee linaweza kuamua mlima.

Pilatus

Hapa sitaki kukuficha, kama safari yako ni kwa ajili ya treni yenyewe, Pilatus ndo baba lao. Inaanzia Alpnachstad, kituo cha treni na gati la meli viko karibu, kutoka Luzern treni ni kama dakika 20 au meli ukitaka kwenda taratibu. Njia ni fupi, kilomita 4.6 tu, lakini ndani ya hizo kilomita inapanda zaidi ya mita 1,600. Mabehewa yamejengwa kwa ngazi, kila chumba kiko juu ya kingine, ukiyaona yamesimama stesheni unajua kabisa hii sio ya kwenda Dodoma. Mwaka 2023 waliingiza mabehewa mapya yenye madirisha makubwa, yakishuka yanarudisha umeme kwenye waya, lakini reli ya Locher ni ile ile.

Mwanzo inapita msituni na malishoni, ng'ombe na kengele zao, unadhani ni mlima wa kawaida. Katikati, pale Ämsigen, treni za kupanda zinapishana na za kushuka, na hapa fungua macho: kwa kuwa reli ya katikati imebanwa pande zote mbili haiwezekani kuweka njia panda ya kawaida, kipande kizima cha njia ndo kinahamishwa au kupinduliwa ili treni ipite upande mwingine. Baada ya hapo miti inaisha, inaanza miamba mitupu, na kipande cha mwisho njia imechongwa kwenye ukuta wa mwamba wa Esel, huku jiwe, huku hewa, alafu vitunnel vifupi. Mwenye hofu ya urefu akae upande wa mlima, amwachie mwenzake dirisha. Anayetaka kuona ziwa likibaki chini akae chumba cha nyuma kabisa. Kasi ni ndogo, kama nusu saa hivi hadi juu, na mi naona hiyo nusu saa ni bora kuliko kilichopo kileleni.

Maana kileleni ndo napungukiwa na sifa za kutoa. Sio kubaya, hapana, Luzern nzima iko chini ya miguu yako na mikono ya ziwa inaonekana vizuri, kuna hoteli ya mwaka 1890, kuna njia iliyotobolewa ndani ya mwamba yenye madirisha ya mawe, kuna ngazi za kupanda ncha ya Esel kwa dakika chache, na wenye miguu wanaenda Tomlishorn, ile ncha ya juu kabisa. Lakini pa kutandaza miguu ni padogo, ni zege na ngazi na watu wengi waliokuja kwa makundi, mtoto wa miaka mitatu humwachii mkono. Kwa mzee mwenye magoti mabovu zile ngazi ni mateso, huyo apandie upande wa Kriens kwa kebokaa na akae kwenye baraza afurahie.

Wenyewe wana hadithi zao. Jina wanalihusisha na Pontio Pilato, eti maiti yake ilitupwa kwenye kidimbwi huko mlimani na akichokozwa analeta dhoruba, na mji wa Luzern kweli uliwahi kukataza watu kupanda. Kuna na joka pia, utaliona kila mahali limechorwa. Watoto wanapenda sana hilo joka.

Mpango mzuri kuliko wote kwa Pilatus ni ule wa mzunguko: meli hadi Alpnachstad, treni ya meno kupanda, kushuka kwa kebokaa upande wa pili hadi Fräkmüntegg, pale kuna kamba za kupitia juu mitini na kigari cha kuserereka kwenye njia ya chuma, alafu kebokaa ndogo hadi Kriens, basi namba 1 linakurudisha Luzern. Hurudii njia hata mara moja. Ukianza kwa Kriens ukamalizia na treni ni sawa pia, lakini kupanda ndo kwenye utamu, kwahiyo fuata mpangilio wa kwanza.

Rothorn

Brienz iko kwenye ziwa lake lenyewe, la rangi ya feruzi, rangi inayotokana na unga wa miamba unaoletwa na maji ya barafu. Kutoka Luzern ni kama saa moja na nusu kwa treni inayovuka pasi ya Brünig, na hiyo treni yenyewe kuna kipande inatumia meno, watu wanakipita bila kujua. Unashuka Brienz, unavuka barabara, na hapo unakutana na moshi.

Reli hii ni ya 1892. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914 watalii wakakatika, ikafungwa, na haikufunguliwa hadi 1931. Wakati wenzake wanawekewa umeme, Pilatus 1937 na njia ya Vitznau mwaka huo huo 1937, Rothorn haikuwekewa, na leo huo umaskini wa zamani ndo utajiri wake. Vichwa vya zamani vinachoma makaa, vile vilivyojengwa miaka ya 1990 vinachoma mafuta, ukitaka makaa angalia ratiba maana sio kila safari. Kichwa kinakaa chini kinasukuma behewa kwa nyuma, hakivuti, kwahiyo waliokaa mbele wanaona njia wazi kabisa. Inapanda kilomita 7.6 kwa karibu saa nzima, njiani Planalp inasimama kunywa maji, fundi anashuka na mpira, wewe unapata dakika za kupiga picha na kusikia milima ilivyo kimya mashine ikitulia. Alafu inaendelea, mapigo yale ya mvuke yanagonga kifuani, mtoto wa miaka sita hasahau.

Stesheni ya juu iko mita 2,244, kilele unatembea kidogo. Mbele yako Eiger, Mönch na Jungfrau wamejipanga, chini lile ziwa la feruzi. Kati ya vilele vitatu mi mtazamo wa huku ndo unanigusa zaidi, japo sio mpana kama wa Rigi. Ubaya wake: nafasi ni chache, bila kuweka nafasi mapema wikiendi ya kiangazi unaweza kukaa Brienz ukiangalia moshi wa wenzako. Na juu hakuna mambo mengi, mgahawa, matembezi, basi.

Pesa na msimu, hapa ndo wengi wanaamua

Nauli kamili sio ya mchezo kwenye yote mitatu, na zinabadilika kwa msimu, kwahiyo angalia tovuti zao wiki unayoenda. Lililo wazi ni hili: ukiwa na Swiss Travel Pass, ile pasi ya wageni ya kusafiria Uswisi, Rigi ni bure kabisa, treni zote mbili na hata meli ya kukufikisha Vitznau, wakati Pilatus na Rothorn unalipa nusu. Ukiwa na Half Fare Card, ambayo ndo wengi wanaoishi hapa wanayo, zote ni nusu. Na watoto chini ya miaka 16 wanaosafiri na mzazi mwenye Swiss Travel Pass wanapewa kadi ya familia bila malipo. Sasa piga hesabu ya baba, mama, watoto watatu na bibi, tofauti ya Rigi na Pilatus hapo sio ya soda, ni ya chakula cha siku nzima kwa familia. Kwa wageni waliokata pasi tayari, Rigi inajichagua yenyewe.

Msimu. Rigi inatembea mwaka mzima, Januari unapanda na watoto wanacheza na theluji, wengine wanashuka na sleji. Treni ya meno ya Pilatus inaanza Mei na kufunga Novemba, nje ya hapo Pilatus unaweza kupanda lakini kwa kebokaa ya Kriens tu. Rothorn ni fupi zaidi, kama Juni hadi Oktoba, theluji ikichelewa kuyeyuka nao wanachelewa. Kwahiyo shangazi akija Krismasi usimwahidi treni ya mvuke.

Na kabla ya kukata tiketi, siku yoyote, mlima wowote, fungua kamera za kileleni, kila kampuni inazo na zinaonyesha muda huohuo. Hili ni muhimu kuliko mlima upi utachagua. Ukiona kweupe tupu juu, ahirisha, nenda makumbusho ya usafiri pale Luzern, kichwa namba 7 cha Rigi ni cha hapo. Ila mwezi wa kumi na kumi na moja kuna kinyume chake ambacho wageni hawakijui: mjini kuna ukungu mzito, kila mtu amenuna, lakini ule ukungu unaishia kwenye mita elfu moja hivi, na juu jua linawaka. Treni inaingia ukunguni kijivu, inatoka upande wa pili kwenye mwanga, na chini yako hakuna ziwa wala mji, ni mawingu tu hadi kwenye milima ya theluji. Siku kama hiyo panda Rigi hata kama ulishapanda kiangazi.

Kama Luzern sio njia yako, zipo nyingine za namna hii. Ukiwa Montreux kuna ya Rochers-de-Naye, mita 2,042, ziwa Geneva lote chini, nzuri kwa aliyefikia upande wa Geneva au Lausanne. Ukiwa Lugano au unatokea Milano kuna Monte Generoso kutoka Capolago, juu kuna jengo la mawe la msanifu Mario Botta la mwaka 2017. Ukiwa Austria karibu na Salzburg kuna Schafberg kutoka St. Wolfgang, ya 1893, nayo ina mvuke kwenye baadhi ya safari, na kwa mtu aliye Vienna au München hiyo ni karibu kuliko kuja hadi Brienz. Kwenye hizo tatu ningeichukua Schafberg.

La mwisho, mkifika juu tu, kabla ya picha, piga picha ya ratiba ya kushuka iliyobandikwa stesheni. Treni za mwisho zinaondoka mapema kuliko watu wanavyodhani, hasa Rothorn na Pilatus, na kushuka Pilatus kwa miguu na watoto jioni sio kitu cha kujaribu.